Moshi wa Tanga: hesabu za fizikia au data za vipimo? Ulinganisho kwa anayetaka kuchagua

Ukiuliza moshi wa Tanga unaelekea wapi, jibu hubadilika na majira. Kusi ikivuma, hewa inatoka baharini upande wa kusini-mashariki na kuingia bara. Kaskazi ikishika, Desemba hadi Machi, inatoka kaskazini-mashariki. Katikati yake kuna maleleji, upepo haujui uelekee wapi. Juu ya hayo, upepo wa bahari huingia kila mchana, na alfajiri huvuma umande kutoka bara. Anayetaka kukadiria vumbi la saruji upande wa Pongwe, moshi wa matanuri ya chokaa Amboni au mvuke wa matangi ya mafuta Chongoleani anahitaji njia inayoweza kubeba mambo haya yote. Ikiwa njia aliyonayo haiwezi, basi aandike hivyo kwenye ripoti yake.

Njia kubwa zinazoshindanishwa ni mbili. Ya kwanza ni modeli za mtawanyiko: unaiambia kompyuta urefu wa dohani, gramu zinazotoka kwa sekunde na hali ya upepo, nayo inakokotoa hewa chafu itafika wapi na kwa kiasi gani. Ya pili ni takwimu na sayansi ya data: unaweka vifaa vya kupimia, unakusanya vipimo vya miezi au miaka, kisha kompyuta inatafuta uhusiano kati ya vipimo hivyo na upepo, joto, unyevu, saa na siku. Wanaoanza huuliza ipi ni ya kisasa zaidi. Mimi naona swali la kwanza liwe hili: chanzo unachokiulizia kipo tayari, au bado kiko kwenye michoro? Jibu lake linamaliza nusu ya mabishano, kwa sababu dohani ambayo haijajengwa haina data za kujifunzia.

Mlinganyo wa Gauss na kizazi chake

Modeli nyingi zinazoonekana kwenye tathmini za athari kwa mazingira zimetokana na mlinganyo wa Gauss. Mlinganyo huu unachukulia kwamba upepo unaubeba moshi kwa mstari ulionyooka, huku moshi ukisambaa pembeni na juu-chini kwa umbo la kengele tunalolijua kwenye takwimu. Mwaka 1961 Frank Pasquill, mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, alipendekeza madaraja ya utulivu wa hewa kuanzia A hadi F. A ni jua kali na upepo hafifu, hewa inachanganyika kwa nguvu. F ni usiku usio na mawingu wenye upepo mdogo, hewa imetulia kabisa. Vipimo vya kuhakikia hesabu za aina hii vilipatikana kwenye majaribio ya Prairie Grass, Nebraska, Marekani, mwaka 1956. Gesi ya salfa dioksidi ilifunguliwa karibu na ardhi na kupimwa hadi mita 800 kutoka chanzo. Mpaka leo data zile hutumika kujaribia modeli mpya.

Tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo nguvu ya njia hii inapoonekana. Chukua dohani ya kubuni, si ya kiwanda chochote, ambayo moshi wake unatulia mita 50 juu ya ardhi na inatoa gramu 10 za vumbi laini kwa sekunde. Simama kilomita 1 upande unaoelekea upepo, utumie fomula za Briggs, zinazokadiria moshi unavyosambaa, za maeneo ya mashambani. Mchana wa jua kali, daraja B, upepo wa mita 4 kwa sekunde, ardhini utapata kama mikrogramu 40 kwa mita ya ujazo. Siku ya mawingu mazito, daraja D, upepo uleule, kama 115. Usiku mtulivu wa daraja F, upepo wa mita 2, haifiki hata 1, kwa kuwa moshi unapita juu bila kushuka.

Sasa shusha chanzo mpaka ardhini, kiwe mfano wa tanuri fupi au jaa la taka linalowaka, na upunguze kinachotoka kiwe gramu 1 kwa sekunde. Mchana ule wa daraja B, kilomita 1 mbele utapata mikrogramu 4 hivi. Usiku ule wa daraja F utapata kama 340. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka wastani wa saa 24 wa chembe zenye upana usiozidi maikromita 2.5 usizidi mikrogramu 15. Kiasi cha muda wa saa moja tu si wastani wa saa 24, lakini anayelala karibu na tanuri kama hilo hahitaji saa nyingi za namna hiyo kuuvuka mpaka. Hatujaweka hata kifaa kimoja cha kupimia, na tayari tumejua kwamba dohani ndefu na tanuri fupi haziwadhuru watu saa zilezile. Faida hiyo ni kubwa, na hakuna data za zamani zinazoweza kuitoa kwa chanzo kipya.

Programu ya AERMOD imejengwa juu ya msingi huo. Mwishoni mwa 2005 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani liliifanya kuwa modeli yake inayopendekezwa. Haitumii tena herufi sita za Pasquill, bali inakokotoa msukosuko wa hewa kutokana na joto la ardhi na msuguano wa upepo, na inakubali umbo la vilima. Ni ya bure, inaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida, na hutumika kwa umbali usiozidi kilomita 50. Kwa anayeandaa ripoti ya kupeleka kwa mamlaka ya taifa ya mazingira ina sifa nyingine muhimu: mkaguzi anaweza kufungua mafaili yako na kufuata kila namba ilikotoka.

Inapokwama ufukweni

AERMOD inaitazama kila saa peke yake. Mwaka una saa 8,760, na kwa kila moja inachora mstari ulionyooka kana kwamba saa iliyotangulia haikuwepo. Kwenye tambarare ya bara, jambo hilo halina shida kubwa. Kwa Tanga lina shida. Pongwe iko magharibi ya jiji, kwenye barabara ya Muheza. Umande wa alfajiri unaweza kuibeba hewa ya huko kuelekea mjini na baharini, kisha upepo wa bahari ukaigeuza na kuirudisha kabla ya adhuhuri. Modeli isiyokumbuka saa iliyopita haiwezi kuona hewa iliyorudi.

Tatizo la pili ni la dohani iliyo karibu na maji. Hewa ya bahari inaingia ikiwa baridi na tulivu. Inapopita juu ya ardhi yenye joto, tabaka la chini linaanza kuchanganyika, na tabaka hilo linazidi kunenepa kadiri unavyokwenda bara. Moshi wa dohani ndefu ya ufukweni unasafiri ndani ya hewa tulivu bila kumgusa mtu, mpaka unapokutana na tabaka lile, ndipo unavutwa chini kwa ghafla. Wanaopata moshi mwingi ni wa kijiji cha mbali kidogo, na majirani wa dohani husalimika. AERMOD yenyewe haikuundwa kwa hali hiyo.

Tatu ni upepo mtulivu. Mlinganyo unagawanya kwa kasi ya upepo, kwa hiyo kasi ikikaribia sifuri jibu linapaa bila maana. Saa zisizo na upepo kabisa programu haizikokotolei chochote. Wakati wa maleleji, na usiku mwingi wa mwaka, hizo ndizo saa ambazo moshi wa jikoni na wa taka unakaa juu ya mitaa. Ripoti isiyotaja asilimia ya saa zilizoachwa nje naiona haijakamilika, hata ikipambwa na ramani za rangi.

Dawa yake ndani ya jamii hii ya modeli ni CALPUFF, ambayo badala ya mstari inatoa mafungu ya moshi yanayofuata upepo unavyogeuka, yakikumbuka yalikotoka. Inajua pia kushughulikia tabaka la ufukweni. Gharama yake ni kazi: inahitaji ramani ya upepo ya urefu, upana na kimo kwa kila saa, mara nyingi kutoka modeli ya hali ya hewa kama WRF, na anayeiendesha awe anaielewa. Marekani iliiondoa kwenye orodha ya modeli zinazopendekezwa kwa masafa marefu mwaka 2017, ila hilo lisikutishe kwa kazi ya ufukweni. HYSPLIT, modeli ya NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, ni ya masafa marefu: inafaa ukiuliza hewa iliyofika Tanga leo ilianzia wapi siku tatu zilizopita, na haifai kwa swali la mtaa mmoja na mwingine. Modeli za mtiririko wa hewa kati ya majengo, kama OpenFOAM, ziache kwa anayechunguza uwanja wa kiwanda kimoja. Zinakula siku za kompyuta.

Zote hizi zinaishi kwa data za upepo. ERA5, data za Ulaya zinazorudi nyuma hadi 1940 kwa kila saa, ni za bure na wengi huzikimbilia. Lakini mraba wake mmoja una upana wa kilomita 31 hivi. Mraba wenye Tanga unachanganya nchi kavu na maji, na upepo wake si wa ufukweni wala wa Pongwe. Ningechagua mwaka mmoja wa mlingoti wa kupimia upepo uliosimamishwa mahali penyewe, ukilinganishwa na kituo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) cha uwanja wa ndege, kabla ya kulipia modeli ngumu zaidi.

Data zinapopewa nafasi ya kusema

Upande wa takwimu una faida ambayo mlinganyo hauna: hauhitaji kujua gramu zinazotoka. Kwetu mara nyingi gramu hizo hazijulikani. Nani amepima moshi wa kila jiko la mkaa, kila lori la barabara ya Segera, kila shamba linalochomwa? Vifaa vya bei nafuu vya kupimia chembe vimewezesha njia hii Afrika Mashariki. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umeonyesha Kampala kwamba mtandao wa namna hiyo unaweza kujengwa na kutunzwa na watu wa hapahapa.

Mchoro rahisi kuliko yote unatosha kuanzia: panga vipimo kwa mwelekeo na kasi ya upepo, uone namba kubwa ziko wapi. Zikiwa kubwa upepo unapokuwa mdogo, chanzo kiko karibu na chini. Zikiwa kubwa upepo unapokuwa mkali kutoka upande mmoja, fikiria dohani ndefu, au vumbi la ardhi, au, kwa kusi ya Tanga, chumvi ya bahari. Nasisitiza chumvi, kwa sababu siku ya kusi kali chembe kubwa zinaweza kupanda bila kiwanda chochote kuhusika, na mtu akalaumiwa bure.

Kazi ambayo takwimu inaishinda fizikia waziwazi ni kutenganisha hali ya hewa na chanzo. Tuseme kiwanda kimefunga vichujio mwishoni mwa Novemba, na vipimo vya mtaa fulani vikashuka Januari. Je, ni vichujio? Kati ya Oktoba na Januari kaskazi imeingia, na moshi unaelekea kwingine. Huwezi kulinganisha wastani wa kabla na baada ukaridhika. Hapa hutumika misitu ya miti ya maamuzi, njia iliyoelezwa na Leo Breiman mwaka 2001: kompyuta inajenga mamia ya miti, kila mmoja ukigawa data kwa maswali ya upepo, joto, unyevu na saa, kisha majibu yao yanawekwa wastani. Modeli ikishajifunza, kila tarehe unaipa hali za hewa nyingi zilizochukuliwa kwa bahati nasibu kutoka mwaka mzima na kutafuta wastani. Mstari unaobaki umeondolewa athari za msimu. Ukishuka Desemba, una hoja. Usiposhuka, kilichosafisha hewa ni kaskazi. Mwenye kiwanda mwaminifu na mkazi anayelalamika wote wanauhitaji mstari huo.

Ila njia hii inamdanganya kwa urahisi asiye mwangalifu, tena kwa namba za kupendeza. Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye tasnifu ni kugawa vipimo vya kila saa kwa bahati nasibu, asilimia 80 za kufundishia na 20 za kujaribia. Saa tatu asubuhi inafanana sana na saa nne. Modeli ikionyeshwa moja na kuulizwa nyingine, haijatabiri kitu. Gawa kwa wiki nzima au kwa mwezi. Na kama unataka kukadiria mtaa usio na kifaa, ficha kituo kizima, fundisha kwa vilivyobaki, kisha uulize kuhusu kile ulichokificha. Alama zitashuka, na hizo zilizoshuka ndizo za kweli.

Lingine ni la asili ya miti yenyewe. Kwa kuwa jibu lake ni wastani wa vipimo ilivyoviona, haiwezi kamwe kutoa namba kubwa kuliko kubwa iliyomo kwenye data. Kama kituo chako hakijawahi kupita mikrogramu 80, modeli haitatamka 150, hata siku tangi likishika moto. Kwa onyo la dharura usiitegemee. Uliza mlinganyo.

Na unyevu wa pwani. Vifaa vya bei nafuu huhesabu chembe kwa mwanga, na chembe za chumvi zinavimba zikinyonya maji. Alfajiri yenye unyevu wa juu kifaa kinaweza kusoma zaidi ya ukweli, saa ileile ambayo hewa tulivu nayo inakusanya moshi wa kweli. Bila kukiweka kifaa chako kando ya kipimo cha kuaminika kwa wiki kadhaa, za kusi na za kaskazi, modeli itajifunza umande wa majani badala ya moshi.

Zishindanishwe kwa haki

Nimesoma ulinganisho unaotangaza kwamba kujifunza kwa mashine kumeishinda AERMOD, na ukitazama kipimo kilichotumika ni kufuata kupanda na kushuka kwa kila saa. Kwa kipimo hicho mashine itashinda karibu kila mara, kwani imefundishwa kwenye kituo hichohicho. AERMOD ilikusudiwa jambo jingine: kukadiria viwango vya juu vya mwaka vitakuwa vikubwa kiasi gani, bila kujali vitatokea saa ipi hasa. Upepo ukikosewa nyuzi chache, mstari wa moshi unakikosa kituo, na alama ya saa hiyo inaharibika ingawa kiasi kilichokadiriwa ni sahihi kwa jirani wa mita mia mbili.

Ukitaka vipimo vinavyokubalika kwa pande zote, tumia vilivyopendekezwa na Chang na Hanna mwaka 2004. Angalau nusu ya makadirio yawe kati ya nusu na mara mbili ya kilichopimwa, na wastani wa makosa usizidi asilimia 30 hivi juu au chini. Kumbuka maana yake: modeli nzuri ya mtawanyiko, kwenye majaribio ya uwanjani yenye data safi, bado inaweza kutoa zaidi ya mara mbili au chini ya nusu ya ukweli kwa nusu ya nukta. Kwa hiyo ripoti inayoandika mikrogramu 37.42 bila kiwango cha mashaka inampotosha msomaji. AERMOD inatoa namba moja. Iendeshe mara nyingi ukibadilisha gramu zinazotoka na urefu wa moshi ndani ya mipaka inayowezekana, upate kiasi cha chini, cha kati na cha juu. Upande wa takwimu una njia za kutoa mipaka hiyo moja kwa moja, na hapo umetangulia.

Zikifanya kazi pamoja

Mara nyingi jibu ni kuziunganisha. Chukua matokeo ya AERMOD ya kila saa, uyaweke kama safu mojawapo kwenye data, pamoja na unyevu, saa na siku. Fizikia inabeba umbo la moshi, takwimu inajifunza makosa yake: saa za upepo wa bahari, jikoni za jioni, magari. Nikipewa dohani iliyopo, vituo vinne au vitano vyenye mwaka wa vipimo, na mtu mmoja anayejua lugha ya kompyuta kama R au Python, naichagua njia hii bila kusita.

Muungano mwingine unarudi nyuma: umepima hewa, hujui chanzo. Vuli ya 2017 nchi nyingi za Ulaya zilikuta chembe zenye mionzi za ruthenium-106 hewani bila mtu kukiri. Wataalamu wa IRSN, taasisi ya Ufaransa ya usalama wa nyuklia, waliunganisha vipimo na modeli za mtawanyiko zikiendeshwa kinyume, na wakaonyesha eneo kati ya mto Volga na milima ya Ural. Hesabu za uwezekano zinazoitwa za Bayes zinafanya jambo hilohilo kwa harufu au vumbi la mtaa: zinakupa uwezekano wa kila chanzo, si jina la mshtakiwa. Vituo viwili havitoshi.

Kwa hiyo nani achukue ipi

Mshauri anayeandaa tathmini ya chanzo kipya mbali kidogo na maji, aanze na AERMOD na aseme wazi saa zilizoachwa. Chanzo kikiwa ufukweni na dohani ikiwa ndefu, CALPUFF, hata kama inachelewesha kazi. Afisa mazingira wa halmashauri mwenye malalamiko ya wakazi na bajeti ndogo, anunue vifaa vichache, mlingoti mmoja wa upepo, na aanze na mchoro wa mwelekeo na kasi. Mwanafunzi anayetaka kujua kama hatua fulani imesafisha hewa, achukue misitu ya miti na aondoe athari za msimu, akiwa na angalau kusi moja kamili na kaskazi moja kamili. Timu ya dharura iwe na mlinganyo wa Gauss uliokwisha kuandaliwa, kwa sababu unajibu kwa sekunde chache.

Chongoleani ni suala la peke yake. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapo, kwenye rasi iliyozungukwa na maji, na matangi hutoa mvuke chini, si kwa dohani ndefu. Modeli ya mafungu ya moshi inafaa, lakini haitamwambia mtu hewa ya vijiji vile ilikuwaje kabla ya mafuta kuanza kupita. Hilo linatoka kwenye vipimo tu, vya mvuke wa mafuta pamoja na chembe, vilivyochukuliwa pande zote za rasi, kusi na kaskazi, kabla tangi la kwanza halijajazwa.